Jiwe, Mwambie Mama

Wapendwa, kabla hamjaegemea vizuri hayo mabenchi, nataka twende matembezi. Wenye magoti mabovu wasiogope. Njia nitakayowapitisha ni fupi na ya pole: ukitoka nyumbani umekunywa chai ya asubuhi, unafika kabla njaa haijakukumbuka, na jioni umesharudi unakamua ng'ombe wako. Inapita kando ya mashamba ya mahindi, inaingia kwenye mikaratusi, halafu inatokea mahali penye mawe.

Nisemapo mawe, msifikirie kokoto za barabarani. Huko kuna jiwe kubwa kama nyumba, limekalia jiwe jingine lisilozidi upana wa mkeka, na limekaa hivyo tangu babu zetu hawajazaliwa wala halijaomba mtu alishikilie. Kuna mengine yamepandana kama masufuria yaliyooshwa na kuachwa yakauke. Pimbi wanaota jua juu yake, wanakutazama kama wenye nyumba wanavyomtazama mgeni ambaye hakubisha hodi. Na katikati ya yote kuna jiwe moja lililopasuka kutoka juu hadi chini. Ufa wake ni mwembamba. Mkono unapita, mtu hapiti. Wenyeji wanaliita Mlango. Ukiwauliza ni mlango gani huo usiopitisha mtu, wanacheka tu.

Shikeni habari ya huo ufa. Tutaurudia.

Chini ya vilima hivyo palikuwa na kanisa, na katika kanisa hilo palikuwa na mama mmoja aliyekwisha kufikia umri wa kuitwa bibi. Alikuwa mama mchangamfu, mwenye kicheko cha kifuani, na alijulikana kwa uji wake wa wimbi. Aliuchachusha kwa kiasi chake mwenyewe, si mkali wa kukunja uso, si mtamu wa kitoto, na wanawake wenzake walimwomba awafundishe na akawafundisha, lakini wakirudi makwao uji ulitoka mwingine.

Mama huyu alikuwa amemzika binti yake, Imali, mwaka juzi. Alimlia kama mama anavyomlia mwana, kisha akaamka, akafunga leso, akaendelea kulima. Watu walimsifu. Walisema, yule mama amepoa. Na kweli alikuwa amepoa, isipokuwa mahali pamoja. Kulikuwa na swali moja dogo alilokuwa akilala nalo na kuamka nalo, na mtu pekee duniani aliyekuwa na jibu lake alikuwa mume wa marehemu, yaani mkwe wake. Na huyo mkwe, mama hakuweza kumwuliza.

Kwa nini hakuweza? Mnauliza kama hamjui. Kwa watu hao, kama ilivyokuwa kwa wengi wa wazee wetu, mama na mume wa binti yake hawakutani uso kwa uso. Hawashikani mikono. Hawaonani wakila. Wakikutana njiani, mmoja huingia shambani mwa watu mpaka mwingine apite, na mwenye shamba halalamiki, anajua. Likiwapo neno la lazima, hupitia kwa mtu wa tatu, hata kama wote wawili wanasikia. Mama atamwambia mtu huyo, "Mwambie mwanangu hivi," na mkwe, aliye nyuma ya ukuta na amekwisha kusikia, atasubiri aambiwe upya. Si chuki hiyo. Ni heshima, na wao waliipenda. Kanisa lao lilikuwa na milango miwili, na watu walitania kwamba wa pili ulitobolewa kwa ajili ya wakwe.

Basi mtasema, si angemtuma mtu? Alituma. Alimtuma wifi yake, mara baada ya matanga, akaulize siku ya mwisho ilikuwaje. Wifi akaenda, akarudi, akasema, "Anasema alipumzika salama." Jibu zuri, linafaa kuandikwa kwenye msalaba. Lakini si hilo alilotaka. Alilotaka lilikuwa dogo mno kumpa mjumbe, na ni kubwa mno kuliacha.

Nitawaambia lilikuwa nini. Asubuhi ile ya mwisho Imali alikuwa hospitali, amelazwa, amekataa chakula cha wodini. Mama alikuwa nyumbani, mguu umevimba, hawezi kusafiri. Akaamka kabla ya jogoo, akachagua wimbi punje kwa punje, akakoroga uji, akautia kwenye chupa ya chai. Chupa yenyewe ilikuwa ya zamani. Ule mpira wa kifuniko ulikwisha kuoza, naye alikuwa ameukata mpya kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, kwa hiyo ukifungua kifuniko kililia kama kifaranga. Akampa mtu wa bodaboda apeleke. Jioni ikaja habari.

Je, ule uji ulifika kabla? Imali aliunywa? Au mtu wa usafi aliukuta umepoa, akaumwaga nyuma ya wodi? Hilo ndilo swali. Mchana mama alicheka na wenzake. Usiku alifumba macho akauona uji wake wa wimbi unamwagwa kwenye majani.

Na kulikuwa na jambo jingine lililomchoma pembeni. Chupa haikurudi.

Hapa nisikilizeni vizuri. Kwa watu hao, chombo kilicholeta chakula kwa mgonjwa hakirudishwi hivi hivi. Kinarudishwa na kitu ndani: uji, maharage, hata chumvi. Ukikirudisha kitupu, umesema tumemalizana, msije tena. Usipokirudisha kabisa, watu hawajui umesema nini. Mama aliwaza, akawaza tena, akafikia lake: mkwe ameona mke hayupo, basi na ukoo wa mke haupo. Chupa ameiweka kama mtu anavyoweka kitu cha nyumba iliyovunjwa.

Mkwe huyo alikuwa mwalimu wa sekondari, mpole, mwenye kutembea ameinamisha kichwa. Na muhula ulipokuwa unakaribia mwisho, zikaja habari kwamba amepata uhamisho kwenda Pwani, safari ya mchana kutwa na usiku kucha. Habari hizo zilimfikia mama. Alikuwa anamenya viazi, akaendelea kumenya, ila alimenya mpaka viazi vikawa vidogo. Akiondoka huyu, alijiambia, anaondoka na uji wangu, na sitajua kamwe.

Ndipo kanisa lilipopanga matembezi ya kwenda kwenye mawe. Akina mama, akina baba, wanakwaya, kila mtu na chakula chake. Mama akasikia kwamba na mwalimu atakwenda, kama kuwaaga watu. Akasema na yeye atakwenda. Mguu? Mguu ulikuwa umepona siku alipoamua.

Mwenyekiti wa akina mama, Mama Kisia, alikuwa mtu wa mipango. Alipoona mkwe na mama wote wamekuja, hakutaka aibu itokee mlimani. Akamwendea mwelekezi, mtu wa huko juu ambaye alikuwa na maneno machache, akamwuliza kama kuna njia zaidi ya moja. Ziko mbili, akasema yule. Zote zinafika kwenye mawe? Zinafika. Basi Mama Kisia akaamua: wanaume wapite ya juu, wanawake wapite ya chini, na kila mtu atakuwa na heshima yake. Mwelekezi aliulizwa kama njia zinafika. Hakuulizwa kama zinakutana.

Yalikuwa matembezi mazuri. Jua lilikuwa la kiasi, na upepo ulitoka kwenye mikaratusi na harufu yake ya dawa ya kifua. Akina mama waliimba, wakaacha kuimba ili wasengenyane kidogo, wakaimba tena. Mama wetu alikuwa katikati yao na walimtania kwamba leo amevaa viatu vya ubatizo kuja kukanyaga mavi ya mbuzi. Akawajibu kwamba mawe hayo ni ya zamani kuliko wao wote, yanastahili viatu. Alikuwa amefurahi kweli. Huzuni ya muda mrefu haimzuii mtu kufurahia siku nzuri. Nyinyi mliopita huko mnajua, na ambao hamjapita, mtakapofika msishangae.

Kisha njia ya chini ikapinda, ikapanda kidogo, ikatokea kwenye uwanda wa majani katikati ya mawe. Na kutoka upande wa pili wa uwanda huo huo, kwa njia ya juu, wakatokea wanaume. Wa mbele kabisa alikuwa mwalimu.

Akina mama wakaguna kwa pamoja. Mama akavuta leso usoni, akageuka, akaenda mbio nyuma ya jiwe lililokuwa karibu naye. Mwalimu naye akaruka kama aliyekanyaga siafu, akaenda mbio nyuma ya jiwe lililokuwa karibu naye. Watu walicheka mpaka wengine wakaketi. Mama Kisia akamgeukia mwelekezi akamwuliza kwa nini hakusema. Yule akasema, "Uliniuliza kama zinafika, mama. Si mmefika?"

Basi ikabidi kila mmoja akae huko alikokimbilia, maana chakula kilikuwa kinatandikwa uwandani na wawili hao hawakutakiwa kuonana wakila. Mama Kisia akampelekea mama sahani yake ya viazi vitamu na yai. Mama akaketi kivulini, mgongo kwenye jiwe, akashusha pumzi. Akala kiazi. Akatazama pimbi. Akawaza kwamba siku imekwisha kupotea; amepanda mlima mzima ili amkaribie mtu huyu, na sasa amejificha asimwone.

Ndipo akasikia sauti nyuma ya mgongo wake, ndani ya jiwe. Sauti ya kifaranga.

Aliacha kutafuna. Ikalia tena, ya kubanwa, kama kifuniko kinachofunguliwa na mtu asiyetaka kisikike. Mama aliijua sauti hiyo kuliko anavyoijua kengele ya kanisa. Aligeuka polepole. Na hapo ndipo alipouona ufa, kutoka juu hadi chini, kiasi cha kupitisha mkono. Kila mmoja alikuwa amekimbia upande wake, na jiwe walilolikimbilia lilikuwa moja.

Wapendwa, mngefanya nini? Sheria ilisema aondoke. Lakini mbele yake palikuwa na kanisa zima linakula mayai, na nyuma ya mtu yule wa pili palikuwa na vichaka vya miiba. Mama akafanya alichofundishwa na mama yake afanye akimkaribia mkwe bila kutaka: akakohoa.

Upande wa pili ukasikika mchakacho wa viatu, wa mtu anayetafuta pa kukimbilia. Mama akaona kwamba akinyamaza mara moja tu, basi atanyamaza maisha yake yote. Akasogeza mdomo kwenye ufa, akiwa amefumba macho ili asimwone, akasema:

"Jiwe. Mwambie huyo aliye upande wa pili akae. Hapa hakuna anayemwona mtu."

Hapakuwa na mjumbe, mnaelewa? Kila neno lao lilitaka mtu wa tatu katikati, na mtu wa tatu hakuwepo. Lilikuwepo jiwe.

Ikatoka sauti ya mwalimu, ndogo, ya heshima.

"Jiwe, nimesikia. Mwambie mama namsalimu."

Wakasalimiana basi, kwa utaratibu wote, kama watu wanaojua adabu. Jiwe likaulizwa habari za nyumbani, likajibu njema. Likaulizwa ng'ombe aliyezaa, likasema ndama ni jike. Likaulizwa habari za shule, likasema mitihani imekwisha. Likaulizwa kama kweli kuna safari ya Pwani, likasema ni kweli, Jumatatu. Halafu salamu zikaisha, na kukabaki lile jambo lenyewe, na mama alisikia moyo wake ukipiga hadi kwenye viatu vya ubatizo.

"Jiwe," akasema, "muulize. Siku ile, ule uji ulifika?"

"Mwambie mama ulifika."

"Muulize kama ulikuwa moto bado."

"Ulikuwa moto."

"Basi muulize kama Imali aliunywa."

Sasa simameni kidogo hapa pamoja na mwalimu. Jibu la ndiyo ni neno moja. Angelisema, mama angelia kidogo, angelala vizuri usiku ule na kila usiku baadaye. Nani angemshuhudia kinyume? Mgonjwa amezikwa. Wauguzi wamesahau. Jiwe halitoi ushahidi. Wangapi kati yetu tungelisema hilo neno moja, tukajihesabia kuwa ni wema?

Mwalimu akasema:

"Jiwe, mwambie mama hakuunywa. Koo lilikuwa limefunga."

Mama aliegemeza paji la uso kwenye jiwe. Lilikuwa na baridi. Kwa hiyo ulimwagwa, akawaza. Kwa hiyo nilikuwa naona kweli. Lakini sauti ya upande wa pili iliendelea, ikisimama na kuanza, na ilisimulia hivi. Kwamba Imali hakuweza kumeza, lakini alimwambia afungue chupa aisogeze karibu. Akavuta harufu yake, muda mrefu, amefumba macho. Akasema mama ameuchachusha vizuri. Kisha akamtazama mumewe, ambaye alikuwa hajala tangu siku aliyomleta, akamwambia anywe. Mwalimu alikataa. Chakula cha mgonjwa, atakinywaje mzima? Imali akakasirika, kwa nguvu kidogo alizokuwa nazo, akamwambia asiuache uji upoe. Akanywa kikombe. Akamwambia mimina kingine. Alimsimamia hivyo, akimtazama, mpaka chupa ikaisha, na alipomaliza akamwuliza kama sukari ilitosha.

"Mimi ndiye niliyeunywa," alisema mwalimu, na hapo alisahau kulituma jiwe. "Wote. Yeye alikuwa anakufa na mimi nakunywa uji."

Uwandani watu walikuwa wanacheka kwa sababu ya mtu aliyekalia yai lake.

Nisiwadanganye, jambo la kwanza lililompata mama halikuwa upole. Lilikuwa hasira. Punje kwa punje alichagua wimbi lile, kwa mguu uliovimba, kwa ajili ya mwanawe. Na aliyekunywa uji wake ni mwanaume mwenye koo zima. Alikaza mkono juu ya sahani mpaka kiazi kikapondeka.

Kisha, hasira ikiwa bado iko pale pale, akamwona Imali. Hakumwona wa hospitali, ambaye kwa kweli hakuwahi kumwona. Alimwona Imali mdogo, aliyekuwa akimpakulia baba yake akirudi kuchuma chai, anaketi mbele yake, mikono mashavuni, anamtazama anavyokula mpaka mwisho, na yeye chake hakigusi bado. Mama alikuwa akimgombeza. Kula na wewe, mtoto. Naye alisema, subiri kwanza nimwone akimaliza.

Akapangusa mkono kwa leso.

"Jiwe," akasema. "Muulize. Haukumwagwa?"

"Mwambie mama haukumwagwa hata tone."

"Haukumwagwa," mama akarudia, kama mtu anayejaribu kiatu. Akarudia tena, na mara hii kiatu kilimfaa.

Mwalimu akasema kulikuwa na ujumbe. Imali alimtuma, alipokuwa akifunga ile chupa. Alimwambia, mwambie mama uji ulitosha. Naye ameubeba ujumbe huo tangu siku ile asijue ataufikishaje; kwani mtu anamwendeaje mama aliyefiwa na kumwambia uji ulitosha, wakati mwanawe hakulamba hata kijiko? Na chupa ndiyo hivyo hivyo. Kila wiki aliichukua kabatini ili airudishe. Lakini tupu hawezi kuirudisha, na wa kuijaza ndiye huyo aliyezikwa. Akairudisha kabatini. Sasa safari imemkuta, akaona bora aibu kuliko kuondoka nayo. Leo alfajiri amepika mwenyewe. Alikuja nayo ampe Mama Kisia amfikishie, na hapa alikuwa anaifungua kuona kama uji bado una moto.

Mara mkono ukatokea kwenye ufa. Mkono tu, hadi kifundo, umeshika kile kifuniko cha chupa kinachotumika kama kikombe, kimejaa uji. Mama alikuwa hajawahi kuuona mkono huo kwa karibu. Ulikuwa na chaki kwenye kucha. Ulikuwa na pete bado. Uji ulikuwa unamwagikia vidole.

Akakipokea kikombe. Akanywa. Akatafuna. Ndiyo, wapendwa, akatafuna.

"Jiwe," akasema, "muulize mwalimu, huu ni uji au ni kokoto za barabara?"

Ikatoka sauti aliyokuwa hajaisikia tangu arusi ya binti yake: mkwe wake anacheka. "Mwambie mama uji wa kwanza nilimpa mbwa," alisema. "Mbwa akaniangalia."

Na mama akacheka kile kicheko chake cha kifuani, mpaka uwandani wakageuka wakasema mama amepatwa na nini huko, anacheka na pimbi? Akanywa madonge yote. Akapangusa kikombe kwa upindo wa leso, akakirudisha kwenye ufa, mkono ukakichukua. Kisha akasikia kifaranga kikilia, chupa inafungwa, na mwalimu akisema kwamba ataisogeza mpaka ukingoni mwa jiwe, aiache hapo, mama aichukue akishaondoka.

"Jiwe," mama akasema, "mwambie asiiache."

Viatu vikasimama.

"Mwambie aende nayo Pwani. Akiirudisha leo, hata ikiwa na uji, hatakuwa na la kumrudisha huku: tumemalizana, na mimi sitaki tumalizane. Awe na chupa yangu. Aje nayo likizo, imejaa, na awe amejifunza kuondoa madonge."

Mama alimsikia mwalimu anavyopumua upande wa pili wa jiwe, pumzi za mtu anayejizuia, halafu za mtu aliyeacha kujizuia. Hakumwona. Alikaa naye hivyo, mgongo kwa mgongo, jiwe katikati, mpaka Mama Kisia alipoanza kuita watu wateremke: wanaume njia ya juu, wanawake njia ya chini, na safari hii amehakikisha.

Huo ndio mfano wangu. Sasa sogeeni, maana hautuachi salama.

Mlidhani nitawaambia, rudisheni vyombo vya watu. Rudisheni, ndiyo. Lakini tazameni kwanza kwa nini hatuvirudishi. Mwalimu yule hakuwa mwizi. Alikuwa mtu aliyengoja apate kitu kizuri cha kutia ndani. Na sisi je? Kuna mtu hatujamkanyagia mlango tangu msiba, na kila mwezi unaopita tunaona aibu zaidi, na tunaiita heshima. Tunasema, nitakwenda nikipata la maana la kusema. Hatutalipata. Nenda na madonge. Kuna mama mahali fulani anasubiri kuyatafuna.

Na sisi tulio upande wa mama, tunaosubiri, tumejenga nini juu ya chupa isiyorudi? Tumeshahukumu. Tumesema fulani ametutupa, kumbe fulani kila wiki anaichukua kabatini na kuirudisha.

Lakini makali ya mfano huu hayako hapo. Yako kwenye yale maneno: sitaki tumalizane. Tuseme kweli, hapa ndani, sisi kwa sisi. Wengi wetu tunakuja Jumapili kama mtu anayerudisha chombo. Tunaimba, tunatoa, tunainama, ili tukitoka mlango ule tuwe tumemalizana na Mungu hadi wiki ijayo. Tunaisogeza chupa ukingoni mwa jiwe, tunataka kukimbia kabla hajaichukua. Na Yeye tusiyemwona, ambaye wakati mwingine tunasikia pumzi yake tu upande wa pili, anatuambia: usiiache. Nenda nayo. Uje nayo tena.

Mtu mmoja ataniuliza, na wale waliokwenda? Tuliowapikia, tukachelewa? Tuliowapenda, na upendo ukafika koo likiwa limefunga? Wapendwa, haukumwagwa. Kuna mtu aliunywa, akapata nguvu ya kusimama siku ile na siku iliyofuata. Huenda amekaa benchi moja na wewe. Huenda ni wewe. Ulitosha.

Sasa tutasimama, na hatutatoka haraka. Milango yote miwili ibaki wazi, lakini leo asitoke mtu kwa mlango wa kumkwepa mwenzake. Mtazame. Na kama kumtazama usoni ni kuzito mno, hakuna neno; tafuta jiwe, ukae upande wako, uanze na salamu.